Kota gigabaiti 500, skrini inasema 270: kisa cha seva ya ramani Dodoma

Simu ilinikuta nikiwa bado kwenye daladala, Jumanne, saa tatu kasoro asubuhi. Alikuwa dada wa kitengo cha ramani.

"Kaka, seva imejaa tena."

"Imejaa vipi, dada? Una gigabaiti 500 pale."

"Mimi naziona 270. Njoo uone mwenyewe."

Ofisi iko Kisasa, hapa Dodoma mjini, na kazi yake ni upimaji wa ardhi. Jina silitaji. Mipangilio ya ile seva niliifanya mimi miaka miwili kabla, na nilichokikuta siku hiyo kilitokana na mipangilio hiyo, si na mtu yeyote wa pale.

Kwanza nieleze kilichomo, maana bila hivyo namba hazitaeleweka. Seva ni moja, ina diski sita zilizounganishwa kwa ZFS, mfumo wa kupanga na kutunza mafaili kwenye diski. Folda ya ramani inatolewa kwa NFS toleo la 3, njia ya kushirikisha folda kwenye mtandao, na kompyuta tisa za Ubuntu zinaiona kama diski yao ya ndani. Humo ndimo zinamoingia picha za droni kutoka vijijini: Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa. Picha zinaunganishwa kuwa ramani moja kubwa, na ramani hiyo ndiyo inayotumika kuchora mipaka ya mashamba kwa ajili ya hati za hakimiliki za kimila, zile zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Kwa hiyo picha ikipotea, kinachopotea ni ushahidi wa shamba la mama fulani linaishia wapi na la jirani yake linaanzia wapi. Hili lilikuwa kichwani mwangu muda wote wa kazi hii.

Nilipofika, dada alikuwa amefungua terminali. Alikuwa ameandika df -h, amri inayoonyesha nafasi ya diski, na mstari wa seva ulisomeka hivi:

Size 270G, Used 270G, Avail 0, Use% 100%

Ujumbe uliomzuia kunakili ulikuwa bado upo kwenye dirisha la pembeni: Disk quota exceeded. Kota niliyoiweka, yaani kikomo cha nafasi ya kutumia, ilikuwa 500G. Folda ile ile, kwenye programu ya kawaida ya kuangalia mafaili, ilisema ina gigabaiti 341.4. Namba tatu kwa kitu kimoja. Na dada, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya, alikuwa ameshaanza kufuta. Alikuwa amefuta folda za kazi zilizokwisha, jumla kama gigabaiti 60, kisha akaandika df -h kwa mara ya pili. Ikarudi hivi:

Size 210G, Used 210G, Avail 0, Use% 100%

"Kaka, nikifuta, diski yenyewe inapungua," akasema. Hakuwa anatania, na alikuwa sahihi. Sentensi hiyo ndiyo iliyonipa ufumbuzi, ila sikuuona papo hapo.

Kabla ya kugusa kitu chochote nilimuuliza swali moja: picha za Bahi ziko wapi? Timu ilikuwa imerudi jioni ya Jumatatu na kadi mbili za gigabaiti 32. Akaniambia zimeshanakiliwa, maana programu ya kunakili ilifika mwisho, na kadi amepewa mzee dereva azirudishe kwenye begi la droni kwa ajili ya safari inayofuata. Nikatoka nje. Mzee alikuwa chini ya mti anafuta vumbi la safari kwenye gari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Zile kadi za droni zimeshafutwa?"

Akagonga mfuko wa shati. "Ziko hapa. Kijana wa droni atazifuta mchana."

Nikaziomba, nikaziweka kwenye bahasha, nikaandika juu yake USIFUTE kwa kalamu nene. Kwenye seva nilifungua picha ya mwisho katika folda ya Bahi. Nusu ya juu ilikuwa shamba la mpunga lililokwisha vunwa, majaruba yanaonekana moja moja. Nusu ya chini ilikuwa rangi ya kijivu tupu. Nikafungua inayoitangulia: hivyo hivyo. Nyingine kadhaa zilikuwa na ukubwa wa sifuri.

Hapa inafaa kusimama, kwa sababu hili linaumiza watu wengi wasijue. Kwenye NFS, kompyuta yako haipeleki kila tone la data kwenye seva papo hapo. Inakusanya kwanza kwenye kumbukumbu yake, programu inaambiwa "sawa, endelea", na data inasafiri baadaye kidogo. Kota ikiwa imejaa, seva inakataa wakati data inapofika, na programu inaipata taarifa hiyo inapofunga faili au inapolazimisha data ishuke kwenye diski. Programu ikifunga faili bila kusikiliza jibu, inajiona imemaliza salama. Ile ya kunakili pale ofisini ilikuwa skripti fupi iliyoandikwa zamani, na ilikuwa haisikilizi. Ujumbe wa kota aliouona dada ulitoka kwenye programu nyingine, alipojaribu kuhifadhi ramani. Kwa hiyo mstari wa kijani kufika mwisho haukuthibitisha chochote.

Picha zikiwa salama kwenye bahasha, nikarudi kwenye namba.

Ile 341.4 nilianza nayo kwa sababu ni rahisi, na ukiiacha inakuvuruga njia nzima. Ina mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kipimo. Programu ya mafaili ya Ubuntu inahesabu gigabaiti kama baiti 1,000,000,000, wakati df -h na du -h (amri inayojumlisha nafasi inayokaliwa na mafaili) zinahesabu kwa 1,073,741,824. Ndiyo maana diski ya dukani iliyoandikwa terabaiti 4 inaonekana 3.6 ukiiingiza kwenye kompyuta, muuzaji hajakuibia. Ukigawanya 341.4 kwa 1.0737 unapata kama 318. La pili ni kubana. ZFS inabana data inapoandika. Picha za JPEG hazibaniki zaidi, lakini mafaili makubwa ya TIFF yanabanika vizuri. Programu ya mafaili inakuonyesha urefu wa faili kama lilivyo. Du inakuonyesha bloku, yaani vipande vya nafasi, zilizokaliwa kwenye diski kweli. Nilithibitisha kwa nakala ya matokeo ya asubuhi aliyokuwa nayo dada: du -sh ilitoa 270G, na du -sh --apparent-size ikatoa 318G. Kota ya ZFS inahesabu data ikiwa imeshabanwa, kwa hiyo namba ya kufuata ni 270. Hiyo ya 341 tukaiweka kando.

Lililobaki ndilo zito. Kota ni 500, vilivyomo ni 270, na seva inasema hakuna nafasi. Gigabaiti 230 ziko wapi?

Nilipitia washukiwa wa kawaida haraka. Kwenye NFS, ukifuta faili ambalo programu fulani bado imelishika, kompyuta hailifuti kweli. Inalibadilisha jina liwe .nfs likifuatiwa na tarakimu na herufi nyingi, hadi programu iliachie. Nilitafuta kwa find na -name '.nfs*', nikapata moja dogo kwenye kompyuta namba nne, ambako programu ya kuunganisha picha ilikuwa imeganda tangu Ijumaa. Nikaizima, faili likaondoka. Lakini mafaili ya aina hiyo yamo ndani ya hesabu ya du, kwa hiyo hayawezi kueleza zile 230.

Mshukiwa mwingine, ambaye hapa hakuhusika ila nimekutana naye kwingine mara nyingi, ni namba ya mtumiaji. Kwenye seva za ext4 au XFS, mifumo mingine ya mafaili, zenye kota ya kila mtu, kinachohesabiwa ni mwenye faili, si folda lilimo. NFS toleo la 3, kwa mpangilio wake wa kawaida, linatuma namba tu ya mtumiaji. Kompyuta mpya ikiwekwa, mtumiaji wake wa kwanza anapewa 1000, na kama kwenye seva 1000 ni mtu mwingine, basi huyo mwingine atalia kuwa kota yake inajaa wakati folda lake halina kitu. Ukishuku hivyo, repquota (ripoti ya kota) kwenye seva na ls -ln (orodha ya mafaili na namba za wenyewe) kwenye folda vitakuonyesha mara moja.

Kisha nikairudia sentensi ya dada: nikifuta, diski yenyewe inapungua.

Kompyuta inapouliza kwa NFS toleo la 3 "kuna nafasi kiasi gani?", seva inajibu kwa namba tatu za baiti: jumla, zilizo wazi, na zile ambazo wewe unaruhusiwa kutumia. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye RFC 1813 ya mwaka 1995, waraka unaoeleza NFS toleo la 3. Hakuna sehemu ya kusema "kota yako ni hii". Kwa hiyo ZFS inapoulizwa jumla, haijibu kwa ukubwa wa diski wala kwa kota. Inajumlisha vitu viwili: data inayoonekana sasa kwenye folda, na nafasi iliyobaki. Namba hiyo ndiyo df inayoiandika chini ya Size. Nafasi iliyobaki ilikuwa sifuri, data ilikuwa 270, basi Size ikawa 270. Dada akafuta 60. Data ikawa 210, nafasi ikabaki sifuri, Size ikawa 210. Hesabu ilikuwa sahihi kila mara. Swali likawa moja tu: kwa nini alipofuta 60, nafasi haikuongezeka hata kidogo?

Amri iliyojibu ni hii, na ningetaka kila anayetunza ZFS aizoee kuliko df:

zfs list -o space hifadhi/ramani

Ikaleta:

AVAIL 0B, USED 500G, USEDSNAP 250G, USEDDS 210G, USEDREFRESERV 0B, USEDCHILD 40G

Hapo ndipo pumzi ilinishuka. USEDDS ni mafaili yanayoonekana. USEDSNAP ni snapshoti, yaani kumbukumbu za folda jinsi lilivyokuwa siku fulani. Seva ilikuwa inapiga moja kila usiku na kuitunza siku 30. USEDCHILD ni dataseti (sehemu ya hifadhi yenye mipangilio yake) iliyo ndani ya dataseti nyingine. Jumla yake 500 kamili. Nilipoweka kota miaka miwili kabla, nilitumia sifa inayoitwa quota, na sifa hiyo inahesabu vyote: mafaili, snapshoti na watoto. Gigabaiti 60 alizofuta dada zilitoka kwenye mafaili zikaingia kwenye snapshoti, maana snapshoti za usiku uliopita zilikuwa bado zinazishikilia. Asubuhi USEDSNAP ilikuwa 190. Sasa ilikuwa 250. Angeweza kufuta folda lote na asipate hata megabaiti moja.

Zile 40 za mtoto zilikuwa folda la zamani, kumbukumbu za miradi ya mwaka 2021, nililolitengeneza kama dataseti ya peke yake ndani ya ramani. Kwa NFS toleo la 3, jinsi nilivyoipanga, dataseti ya ndani haionekani mpaka itolewe na kupachikwa peke yake. Kwenye kompyuta za ofisi lilionekana kama folda tupu. Kwa hiyo du ya dada haikuweza kulihesabu, ila kota ililihesabu. Nalikubali hili bila kusitasita: nilimwekea mtu mzigo kwenye kota yake na nikamnyima namna ya kuuona.

Mkuu wa ofisi aliingia wakati huo akauliza kwa nini nisifute hizo snapshoti tuendelee na kazi. Ni pendekezo la haraka na mtu mwenye haraka analielewa. Nilimwomba asubiri dakika kumi. Nikamwita dada, tukafungua orodha ya alivyofuta asubuhi, folda moja moja. Nyingi zilikuwa mafaili ya kati yanayoweza kutengenezwa upya. Moja haikuwa hivyo: picha ghafi za kijiji kimoja cha Kongwa, gigabaiti 18, ambazo jina la folda lake lilifanana na la kazi iliyokwisha. Kadi zake zilikuwa zimefutwa wiki mbili kabla. Nakala pekee iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya snapshoti zile zile zilizokuwa zinasubiri kufutwa. Dada alikaa chini, akashika mdomo. Nikamwambia, "Dada, zipo. Hazijaenda popote."

Kurudisha kulihitaji mpangilio. Ukinakili faili kutoka kwenye snapshoti kulirudisha kwenye folda, unaandika bloku mpya. Zile za snapshoti zinabaki pale pale. Yaani kuokoa gigabaiti 18 kunadai gigabaiti 18 nyingine, na kota ilikuwa imejaa kabisa. Basi nikaanza na kota. ZFS ina sifa ya pili, refquota, inayohesabu mafaili yanayoonekana tu, bila snapshoti wala watoto. Nikaweka refquota iwe 500G, hiyo ndiyo ahadi kwa wafanyakazi, na quota nikaipandisha hadi 900G, hiyo ndiyo dari ya kila kitu, kwa sababu diski zilikuwa na nafasi hiyo. Sipendi kuongeza kota kabla ya kujua kinachoijaza. Hapa nilikuwa nimeshajua. Kisha, kutoka kwenye seva yenyewe, nikaingia .zfs/snapshot, nikachukua ya usiku wa Jumatatu, nikanakili folda la Kongwa. Nikalihamisha folda la zamani litoke chini ya ramani kwa zfs rename, jambo la sekunde moja kwa sababu data yenyewe haihami, nikalitoa kwa NFS peke yake, la kusoma tu.

Zikabaki snapshoti, na hapo pana mtego mwingine. Nilipoorodhesha snapshoti zote na safu ya USED ya kila moja, nikajumlisha, nikapata 34G. Lakini USEDSNAP ilisema 250. Mtu anaweza kudhani ZFS imekosea. Safu ile inaonyesha zile bloku ambazo snapshoti hiyo inazishika peke yake. Bloku inayoshikwa na snapshoti mbili au zaidi haiandikwi kwa yeyote kati yao. Na kazi ya ofisi ile ilitengeneza bloku za namna hiyo tupu: kijiji kimoja kinachakatwa siku tatu hadi tano, mafaili ya kati, makumi ya gigabaiti, yanakaa siku hizo zote, kisha yanafutwa. Snapshoti tatu, nne, tano zinayashika kwa pamoja, na hakuna hata moja inayoonekana kuwa nzito. Vijiji sita katika mwezi mmoja, na umepata 190.

Njia ya kujua utapata nini ukifuta fungu zima ni kuuliza bila kufuta. zfs destroy ikiwekwa -nv, na majina mawili yakitenganishwa na alama ya asilimia, inakuambia zipi zingeondoka na nafasi kiasi gani ingerudi, lakini haifuti kitu. Nikaanza na ya zamani kuliko zote hadi ya siku kumi nyuma: 131G. Nikaangalia tena kwamba Kongwa imerudi yote, picha zinafunguka hadi ukingo wa chini, ndipo nikairudia amri bila ile n, ikafuta kweli.

Baada ya hapo df -h kwenye kompyuta ya dada ilisoma Size 500G, Used 228G, Avail 272G. Kwa mara ya kwanza, Size ililingana na kile alichoahidiwa. Itaendelea kulingana ilimradi jumla ya vyote isikaribie ile 900. Ikikaribia, Size itaanza kusinyaa tena. Kwa hiyo niliweka skripti inayonitumia ujumbe USEDSNAP ikivuka 250G.

Chanzo chenyewe kilikuwa mafaili ya kati kukaa mahali panapopigwa snapshoti. Nilitengeneza dataseti nyingine kwa ajili yake, yenye kota yake ya 200G na isiyo na snapshoti, nikaelekeza programu ya kuunganisha picha iandike huko. Hili lilihitaji kubadilisha mpangilio kwenye kompyuta zote tisa, na nilikaa nao hadi saa kumi na mbili jioni tukihakikisha kila moja inaandika panapotakiwa. Skripti ya kunakili niliiandika upya: inalazimisha data ishuke, inasikiliza jibu la kufunga faili, kisha inalinganisha kila picha na iliyo kwenye kadi kwa md5sum, amri inayokokotoa alama ya utambulisho kutoka kwenye data ya faili.

Jumatano tulinakili Bahi upya kutoka kwenye bahasha. Picha 3,412. Alhamisi asubuhi orodha mbili za md5sum ziliwekwa sambamba, na amri ya diff, inayoonyesha tofauti, haikurudisha mstari wowote. Dada aliichana bahasha mwenyewe, akampa mzee kadi mkononi. Mzee akaziangalia, akauliza kama sasa zinaruhusiwa kufutwa, akajibiwa ndiyo. Saa tano gari lilishika barabara ya Singida.